Mzee Nikodemo Alivyomfuta Mwanawe

Mzee Nikodemo wa Marangu aliandika wasifu wake wa mazishi akiwa mzima wa afya, kwa sababu hakuwaamini watoto wake. "Wataandika nilikuwa mpole," alisema, "watu wacheke makaburini." Akaja kwenye steshenari yangu hapa Moshi mjini, akanisomea, nikachapa: kuzaliwa, kipaimara, miaka ishirini na minane ya ualimu, mke aliyetangulia, watoto wanne. Nikautunza kwenye kompyuta.

Shida ilikuwa kwa yule wa nne, Godbless. Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani migomba, kahawa na makaburi ya babu humo humo. Godbless yuko Dar, hataki kurudi. Kila walipogombana kwa simu, mzee aliteremka Moshi siku hiyo hiyo, fimbo mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mektrida, mfute Godbless. Andika watoto watatu."

Nawasha kompyuta. Na kompyuta yangu, jamani, ilikuwa mkweche! Kuwaka robo saa, kufungua faili dakika kumi nyingine, yenyewe inanguruma tu. Mzee anakaa kwenye benchi, anafoka. Akichoka kufoka anaanza kunisimulia mtoto huyo alivyozaliwa masika, barabara imekatika, mama yake akabebwa kwa machela kwenye matope. Faili likifunguka, yeye anajipangusa macho. "Acha tu, mwanangu. Utamfutaje mtu uliyemzaa?" Ananunua bahasha asiyoihitaji, anaondoka. Nimeyaona hayo mara nne au tano.

Mimi nilikuwa naona ananipotezea muda. Semeni nina roho mbaya, semeni tu. Wateja walikuwa wananikimbia, wanakwenda duka la jirani. Mwezi wa tatu nikamwita Fredy fundi, akachomoa ile diski ya zamani inayozunguka, akaweka SSD, hizi diski mpya za kasi, akahamishia kila kitu. Hee! Nabonyeza, imeshawaka. Nilicheka peke yangu.

Wiki ya Pasaka mzee akaja midomo inamtetemeka. Godbless alikuwa amemwambia kihamba kiuzwe tu.

"Mfute!"

Hata kumkaribisha benchi sikuwahi. Faili lilikuwa wazi. Nikafuta, nikatoa nakala, akasaini amesimama, akaipeleka mwenyewe kwa katekista. Nikajisifu moyoni kwa huduma ya haraka.

Siku ya tisa alianguka kwenye mfereji akielekeza maji kwenye migomba. Hakuinuka.

Nilipanda Marangu kuzika. Katekista akasoma, "Marehemu ameacha watoto watatu." Watu wakatazamana. Godbless alikuwa amesimama mbele kabisa na suti nyeusi. Aliinamisha kichwa, kisha akapita katikati ya migomba akaenda zake, jeneza halijashushwa. Nilijua kabisa kwamba robo saa tu ya kusubiri ingemwokoa kijana wa watu.

Keshokutwa yake akaja dukani.

"Dada, nasikia wewe ndiye uliyechapa. Baba alinifuta lini?"

Ningemwambiaje? Nilimwonea huruma, tena nilijiona mkosaji. Nikasema, "Hakukufuta, kaka yangu. Kosa ni langu. Niliruka jina lako nikahesabu vibaya, naye akasaini bila kusoma. Macho ya mzee si unayajua?"

Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Akakaa chini, pale pale sakafuni, na suti yake.

"Kwa hiyo baba alikuwa hajanifuta," akasema. "Na mimi nimemwacha kaburini bila kumtupia hata konzi moja ya udongo."

Alilia mpaka wateja wakatoka nje. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, nikaufunga, maana sikujua tena ni lipi lingemuuma kidogo.