Mkeka Juu ya Dema

Mara kumi na moja. Aroita alihesabu, na kwa hesabu za namna hiyo hakuwa na mpinzani. Tangu ashuke melini hapa kisiwani Nonouti, kila alipolikaribia banda la pwani, mzee Teburea alivuta mkeka haraka, akafunika dema, mtego wa samaki aliokuwa akiufunga, kisha akaanza kuzungumzia upepo. Upepo! Mtu mzima na mvi zake.

Mtoto gani wa visiwa hivi asiyejua maana yake? Namna ukoo unavyofunga mlango wa dema la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, haionwi na mtu baki. Jirani akitokea, funika. Basi na yeye alikuwa jirani, ingawa mzee huyo alikuwa mjomba wa marehemu mama yake na alitaka aitwe Babu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alichota maji tangu siku ya kwanza, na bado alikuwa mgeni. Shangazi yake kule Betio alimwambia anakwenda likizo tu. Likizo ya miezi miwili? Hata chakula alikitilia shaka. Bibi Kabwea, mke wa mzee, alimjazia sahani kwa samaki mnono na magimbi ya tui. "Kula, mwanangu, usione haya." Aroita alikula huku akiwaza: mtoto wa nyumbani habembelezwi, hugombania kichwa cha samaki na paka.

Tena kulikuwa na Tokaua, mjukuu wao.

"Wee Mtu wa Meli! Maji yamekupwa, twende tukachimbe kombe za kupika!"

Walizama matopeni hadi magotini, wakacheka mpaka mbavu zikauma, na Aroita alifurahi kweli, furaha ambayo hakuwa ameionja tangu mama yake azikwe. Halafu akasita. Mbona kila mara amchukue upande wa mbali na banda? Nani kamtuma?

Alhamisi akawasikia wazee wakinong'ona.

"Meli ni Jumamosi," alisema Babu.

"Na mtoto je?"

"Usimwambie bado."

Lisemwalo lipo. Jumamosi alfajiri Aroita alikunja magauni yake mawili, akayatia kwenye mfuko, akaketi mchangani. Heri kuondoka kwa miguu yako kuliko kusukumwa. Moyo ulimuuma, lakini hakulia.

Mashua ilikuja kutoka melini. Babu alishuka majini kuipokea, akarudi na barua mkononi.

"Mfuko huo wa nini?"

"Naenda. Msihangaike kunifukuza."

"Ala!" Bibi Kabwea alishika kiuno. "Nani kakufukuza, wee mtoto?"

"Mnanificha dema. Mnanong'ona. Mimi si mjinga."

Babu aliketi karibu naye, pumzi zikimpaa. "Tuliandika kwa shangazi yako kumwomba akuachie uwe wetu moja kwa moja. Kukuonyesha dema ni kukufanya wa ukoo; kabla hajakubali kungekuwa kukuiba. Na kama angekataa? Ndiyo maana hatukukwambia." Akaipunga barua. "Amekubali."

Aroita aliitazama barua, akamtazama Tokaua, aliyekuwa akikenua meno. Hakuamini. Mara ngapi watu wazima wamemwambia maneno matamu?

Babu hakubishana. Alimshika mkono hadi bandani, akauondoa mkeka wote, akamwekea kamba ya usumba wa nazi vidoleni. "Pitisha chini. Sasa rudisha. Siyo hivyo, unafunga mbuzi? Rudisha tena."

Fundo lilikuwa la ajabu. Alirudia mara ya tatu, likakubali.

"Mtu anakuja!" Tokaua alibweka.

Ni mama Teewa, jirani, na kifuu chake cha kuombea makaa. Babu alikuwa ameshika miti ya dema kwa mikono miwili. Aroita aliurusha mkeka juu ya dema, akaukalia.

"Karibu, mama," alisema, uso mkavu kabisa. "Upepo wa leo, jamani!"