Nauli ya Kwenda Vakansi

Saa mbili asubuhi, mtaani Kasha, Merveille anamuaga mama yake kwa uzito wa mtu anayevuka mpaka. Ana miaka sita. Mgongoni amebeba begi la shule lenye viazi vitamu viwili, kitenge cha kulalia na kikombe cha plastiki. Kaka yake Gentil, mwenye miaka kumi, anamngoja mlangoni na begi lake.

"Maman, tunaenda."

"Muende muzuri," anajibu Françoise Zagabe bila kuondoa miguu kwenye cherehani. "Musalimie bale ba kule."

Watoto wanashuka bondeni. Wanapita bombani, kwenye foleni ya madumu, kisha mbele ya meza ya maharage ya jirani yao Chantal, ambaye anawauliza wanakokwenda ingawa anajua vizuri sana. "Mu Vakansi!" wanajibu kwa pamoja. Watoto wawili wa Chantal wanajiunga nao, na msafara unapanda kilima kwa njia ya nyuma, vumbi la kiangazi likiwapaka miguu hadi magotini.

Mwisho wa safari ni kiwanja chenye matuta ya viazi, migomba michache na msingi wa nyumba iliyoishia hapohapo kwenye msingi. Bibi mmoja anainuka, anafuta mikono, anamshika kila mtoto mashavu na kumuuliza habari za mjini. Huyo ni Koko Bintu, mama mzazi wa Françoise.

Sasa tega sikio. Cherehani unayoisikia ni ileile iliyoachwa asubuhi. Iko upande wa pili wa ua wa matete, na kama Françoise angetaka kuwapa watoto chumvi, angenyoosha mkono tu juu ya ua. Lakini hanyooshi. Kwa sheria za mahali hapa, yeye yuko mjini na watoto wake wako mbali.

Ni lazima tuulize imekuwaje watu wenye akili timamu wazunguke kilima kizima ili kufika nyuma ya nyumba yao wenyewe.

Jibu linaanzia kwenye neno. Likizo ya shule hapa Bukavu huitwa vakansi, na mtu huenda "mu vakansi": anafunga mzigo, anapanda gari, anakaa kwa shangazi au kwa bibi, anarudi amenenepa. Aliyebaki nyumbani hakuenda. Ukimuuliza amefanya nini Julai na Agosti, atakwambia hakupata vakansi, kama vile hakualikwa.

Françoise ana miaka thelathini na minne na kazi yake ni kushona sare za shule. Shati moja jeupe hulipwa faranga elfu sita, sketi ya bluu huzidi kidogo, na karibu zote huagizwa katika miezi hiyo miwili kabla shule hazijafunguliwa. Mumewe, Venant, ni fundi mwashi aliyekwenda Kamituga kutafuta ujenzi, na hutuma kitu mkono wake ukipata. Kwa hiyo mashati ya Agosti ndiyo yanayolisha nyumba mpaka Krismasi. Na Agosti hiyohiyo ndipo watoto wanashinda nyumbani, wakikanyaga vitambaa vyeupe na kuuliza watakula nini.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Kila mwaka alikuwa akiwapakia garini kwenda Mudaka kwa Koko Bintu, wakavune mahindi na kula maparachichi, naye akashona mpaka mgongo ukalia.

Kisha vita vikasogea. Koko Bintu alishuka mjini na jembe begani na kuku kwapani, na tangu siku hiyo analala chumba kimoja na wajukuu. Nyumba yake ya Mudaka bado imesimama, ila mabati yaling'olewa na watu wasiojulikana. Kuta zimebaki zikinyeshewa.

"Shule zilipofunga, nilibaambia batoto, mwaka huu hatuendi mu vakansi," anasimulia Françoise. "Gentil alielewa. Ule mudogo alinyamaza tu. Nilizani ameelewa."

Hakuwa ameelewa. Alipokuwa akipelekwa Mudaka alikuwa mdogo, na anachokumbuka ni maparachichi. Aliwasikia wenzake mtaani wakisema Cirhuza ameenda mu Vakansi, Francine naye ameenda mu Vakansi, na akafikia hitimisho ambalo mtoto yeyote mwenye akili angelifikia: Vakansi ni kijiji. Lazima kiwe kizuri kuliko vyote, maana kila anayekwenda hurudi akicheka.

Basi asubuhi moja alivaa gauni la Jumapili, akatia kikombe kwenye begi, akatoka.

"Nilikuwa na mashati ya masomo moja muzima, shule yote," anasema Françoise. "Nikasikia mu nyumba kimya. Unajua, kimya ya batoto haiko kitu kizuri."

Merveille alikwishafika barabarani, mahali magari ya kaskazini yanapopakia abiria. Alimvuta kondakta suruali na kumuuliza: "Papa, Vakansi ni bei gani?"

"Iko upande gani, mutoto?"

"Kule bote banaendaka."

Abiria wakacheka. Kondakta, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda utani, akamwambia: "Kule gari yetu haifike." Hapo mtoto akaanza kulia kwa sauti iliyowakata watu kicheko.

Aliyemwokoa ni muuza maparachichi mmoja aliyetazama gauni badala ya uso. Françoise hushona mfuko wa kila nguo ya watoto wake kwa uzi mwekundu, ili zisipotee kwenye kamba za majirani. "Ile robe ni ya kwa Maman Gentil," alisema mama yule, na akamrudisha mtoto kwa mkono mpaka mlangoni.

Françoise hakumpiga. Anasema alikaa sakafuni, juu ya mashati meupe ya watu, akamshika binti yake kwa nguvu hadi akalalamika. Siku hizi mtu haachi mtoto atembee peke yake barabara ile. Usiku hakupata usingizi, si kwa yaliyotokea, bali kwa yale ambayo yangeweza kutokea.

"Nikasema, huyu atarudia. Ana kichwa kama baba yake. Na ile barabara, siku ingine, haitamurudisha. Kama Vakansi iko fasi, basi nitafute hiyo fasi."

Fasi, yaani mahali, ilikuwa karibu. Kiwanja cha nyuma ni cha mtu aliyeanza kujenga fedha zikamwishia, na alikuwa amemruhusu Koko Bintu alime humo. Watoto hawakuwahi kuingia, kwa sababu zamani palikuwa pori na njia yake hupitia upande wa pili wa kilima. Kutoka nyumbani huoni kitu ila ua wa matete.

Françoise alimweleza mama yake mpango huo, na bibi akaukataa palepale.

"Mutu anaenda mu vakansi nyuma ya choo?" anakumbuka Koko Bintu, akicheka mwenyewe. "Nilimwambia, mimi sitaki bongo, kudanganya batoto. Nikalala. Asubui nikaamuka nikamwambia, kama iko Vakansi, ikuwe Vakansi ya kweli."

Sheria zote ni zake. Ya kwanza, Vakansi hapafikiwi bila kusafiri. Anayepenya kwenye ua hakufika, na atarudishwa akazunguke. Ya pili, hakuna kumwita mama juu ya ua, kwa maana tangu lini mtu wa Mudaka akapiga kelele ikasikika Bukavu? Ya tatu, mgeni haji mikono mitupu. Vijijini huku ukienda kwa ndugu unabeba sabuni au chumvi, nawe unarudishwa na viazi. Mkono mtupu haulambwi.

Sheria hii ya tatu ndiyo iliyotufanya tutamani kuiona sufuria. Mtoto mmoja huleta kiazi, mwingine gao la maharage, mwingine kipande cha makaa, na mtoto wa kwa Chantal aliwahi kuleta kitunguu kimoja akakikabidhi kwa mikono miwili. Vyote huingia chungu kimoja. Siku tulipofika walikuwa watoto tisa, na wote walikula wakashiba bila mzazi yeyote kufungua pochi. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wageni na wenyeji wamepona pamoja.

Wanafanya nini kutwa nzima? Asubuhi wanapalilia, kwa sababu Koko Bintu anaiamini sana methali ya mgeni na jembe, ila yeye hangoji siku ya tatu. Kisha wanacheza. Mabaki ya vitambaa kutoka cherehanini yamekuwa mpira, wanasesere na mkia wa tiara. Adhuhuri ni lazima kulala. Jioni ni hadithi za Kimashi, na asiyejua Kimashi anajifunza, la sivyo atacheka akiwa amechelewa.

Sifa zilifika mpaka Ibanda, katikati ya mji. Aimée, mteja wa Françoise anayefanya kazi ofisini, alisimulia kwamba mwanawe Nathanaël ameshinda likizo nzima mbele ya televisheni, akaomba amlete. Alimleta kwa gari mpaka kiwanjani. Koko Bintu akakataa kumpokea.

"Ule hakusafiri," alisema.

Ukazuka mjadala mkali. Gentil alimtetea mgeni: katika watoto wote, si huyu peke yake aliyetoka mbali kweli? Bibi hakubadilika. Aliyeketi garini, alisema, gari ndilo lililosafiri. Nathanaël akapelekwa bombani, akazungushwa kilima na viatu vyake vyeupe, akafika ana vumbi na furaha, na sasa kila Jumatano, siku yake ya kuletwa, anamsumbua mama yake mapema.

Françoise anayasikia yote hayo kupitia ua. Mara moja tu alivunja sheria. Mtoto aliangukia kwenye msingi akapiga kelele, naye akapenya matete na utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Goti lilikuwa limechubuka kidogo tu. Watoto walimtazama kwa huzuni, kisha mmoja akamwambia: "Maman Gentil, haukupita ku njia." Akarudi alikotoka, akazunguka kilima kizima, akafika akihema, ndipo akaruhusiwa kumfunga mtoto goti.

Anacheka anaposimulia, lakini kuna jambo halimchekeshi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yake ni fupi kuliko zote. Ni upana wa ua.

"Bakubwa banajua, banacheza tu. Lakini Merveille anaamini. Siku atajua, ataona maman yake iko mutu wa bongo. Na nikimwambia tena usipite barabarani, atanisikia?"

Mpango wake ni wa mwaka ujao. Anataka kununua mabati kidogokidogo, airudishie nyumba ya Mudaka paa, halafu Vakansi irudi mahali pake. Mchana magari ya Mudaka hufika salama, lakini bila mabati, anasema, hawezi kumpeleka mama yake kule kutazama uharibifu.

Adhuhuri tunamkuta Merveille macho. Wenzake wamelala juu ya vitenge, na Koko Bintu amelala kivulini mwa migomba, kuku wake akiparua kando yake. Tunamuuliza polepole kama anajua hapa ni wapi.

Kwanza anamtazama bibi, kuhakikisha amelala.

"Hapa ni nyuma ya kwetu," anasema. "Ile ni mashini ya maman. Na kuku ni ya koko. Niliiona siku ya kwanza."

Mbona hakusema?

"Koko atasikia mubaya. Yeye anazani ni ku Mudaka. Tukifika anacheka, anatushika hivi." Anajishika mashavu. "Mu nyumba hachekake."

Cherehani ilikuwa imenyamaza, kwa sababu Françoise alikuwa akibadilisha uzi. Iliendelea kunyamaza muda mrefu kuliko uzi wowote unavyohitaji. Hakuna aliyeita juu ya ua. Sheria ni sheria.

Jua likielekea kuzama, wasafiri wanarudi mjini kwa njia ndefu, wamebeba majani ya viazi. Françoise anawapokea mlangoni kama kila siku na kuuliza wa kule wanaendeleaje. "Koko anakusalimia," anajibu Merveille bila kupepesa macho. Koko mwenyewe yuko hatua chache nyuma yake, na kuku kwapani.

Françoise anampokea binti yake majani ya viazi. Macho yake ni mekundu na hajaribu kuyaficha. Kisha anatugeukia.

"Nilikuwa nasema tungojee mabati," anasema. "Mabati itangojea. Dimanche, tukitoka ku misa, tunaenda Mudaka, sisi bote. Hata kama ni kuona kuta tu, koko asimame mu lupango yake, kiwanja chake mwenyewe, mangaribi turudi. Feza ya mashati ya wiki hii itatosha."

Uani Merveille anaosha miguu, akiimba wimbo wa Kimashi aliofundishwa leo. Mama yake anaketi tena kwenye cherehani na kuvuta shati lililobaki.

"Ku gari, ni yeye ataulizia bei," anasema. "Mara hii gari inafika."