Siku Nilipoisimamisha Filamu ya Baba Mkwe

Jamani, mkisikia watu wa Bukiriro, ukweni kwangu, wananiita "Mheshimiwa Beseni" msidhani ni cheo, ni aibu tupu, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mdomo wangu siku ya kwenda kuposa.

Nilitoka kwetu Nyarubungo na mshenga wangu, Mzee Lukasi, nimevaa suti ya kubana (ya kuazima, lakini nani alijua?). Njia nzima mzee ananionya: "Ukweni mwoaji hasemi. Mdomo wako ni mimi. Wewe kula, tabasamu, nyamaza." Nikamwambia sawa, na kweli nilikusudia kunyamaza.

Tukapokelewa vizuri mno! Shikamoo, marahaba, karibuni, urwagwa (ile pombe yao ya ndizi) ikaletwa, na baba mkwe mtarajiwa kwa furaha akachomeka flashi kwenye televisheni. "Filamu hii niliiona nikiwa kijana," akasema. Mambo ya zamani, rangi imefifia, mume anarudi kutoka mjini, mkewe anapiga magoti kumnawisha, mume hata asante hasemi, anamfokea kwamba maji ni ya baridi, na baba mkwe anacheka mpaka anafuta machozi.

Hapo nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani!) kumwonyesha kwamba binti yake Anastazia anaolewa na mtu wa kisasa. Nikakohoa. Mzee Lukasi akanikanyaga mguu. Nikaendelea.

"Baba, kwa heshima zote, filamu kama hii leo haifai kuonyeshwa! Mwanamke apigishwe magoti kama mtumwa?"

Nikaona wananisikiliza, hata mama mkwe katoka jikoni kasimama mlangoni, basi nikapata moto, nikasimama, nikamwaga habari za haki na usawa, nikachukua na rimoti mezani nikaisimamisha picha pale pale mwanamke alipopiga magoti. "Tazameni! Hii ndiyo aibu ya wazee wetu!" (Mbele ya mzee, mimi!) Kisha nikaketi, nimeridhika kabisa.

Sasa chakula kilikuwa tayari. Nikahisi mtu mbele yangu, nikanyoosha mikono kama nilivyozoea tangu utotoni, maji yakamiminika, nami macho yangu bado kwa baba mkwe nikasema, "Haya mbona ya baridi?"

Nikageuka. Kwenye televisheni mwanamke kapiga magoti na beseni. Mbele yangu Anastazia kapiga magoti na beseni. Watu wanatazama kule, wanatazama huku.

"Baba Anastazia," mama akasema polepole, "na huyu naye tumsimamishe?"

Nyumba ililipuka! Mzee Lukasi akafunika uso kwa kofia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba mkwe alipomaliza kucheka akakaza uso, akamuuliza binti yake lile swali linalobeba posa nzima: "Mwanangu, wageni hawa unawafahamu?" Akisema hapana, tunarudi Nyarubungo mikono mitupu.

"Mzee Lukasi namfahamu," akajibu Anastazia. "Na huyu aliyekuwa anahutubia namfahamu. Ila huyu aliyekuwa ananawa namwona leo." Akasimama, akanikabidhi jagi na beseni.

Nikapiga magoti haraka, suti ikapasuka nyuma kraaa, nikamnawisha, nusu ya maji kwenye beseni, nusu kwenye gauni lake.

"Ya baridi," akasema, macho yanacheka. Halafu akamgeukia mzee. "Baba, nawafahamu wote."

Mama akanitupia kitenge nikajifunga kiunoni, nikala ndizi na maharage katikati ya vigelegele, na nawaambieni wilaya nzima ya Ngara hapakuwa na mwanamume mwenye furaha kama mimi! Baba mkwe akairuhusu filamu yake iendelee. Yule mwanamke akainuka taratibu, akambwagia mumewe beseni zima kichwani.

"Ndiyo maana nilikuwa nacheka," mzee akaniambia. "Ungengoja kidogo tu, mwanangu."

Tangu siku hiyo nimeapa, filamu ya wazee siisemi neno kabla haijaisha. Tena siku hizi nikijisahau nyumbani nikaanza, "Watu wa zamani, bwana," Anastazia habishani nami, anakwenda tu jikoni, na mimi nasikia beseni linajazwa maji.