Kicheko Ambacho Sikukiandika

Mimi huandika polepole. Nilimaliza darasa la saba, na herufi zangu ni nzuri kwa sababu kila moja naipa muda wake. Kwa ajili ya herufi hizo nilifanywa mwandishi wa vikao vya tawi letu la chama huko Kwihara, ingawa mbele za watu sauti hunikauka.

Mwaka ule wa uchaguzi, mjomba wangu aliomba kugombea ubunge. Alikuwa mrina asali, si mtu wa kupenda ukubwa. Ila zilikuwa zimeanza kusikika habari kwamba tutahamishwa tukapangwe kando ya barabara, mbali na visima vyetu na mizinga yetu. Alisema, "Nataka nikaulize huko huko wanakopanga." Hilo tu ndilo alilolitaka.

Chama kilikuwa kimoja, lakini karatasi ya kura ilikuwa na watu wawili: mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Walioomba walikuwa wengi. Vikao vilitoa maoni, maoni yakapelekwa juu, na huko juu wakachuja mpaka wakabaki wawili. Mimi niliona ni sawa. Hata asali tunaichuja, ili nyuki waliokufa wasiingie kwenye debe.

Siku ya kikao chetu alikuwapo fundi bati kutoka Kanyenye, mtu wa pwani aliyezoea kuja kuziba madebe yetu. Watu wa kwao na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mtani anaweza kukutukana hata msibani, na ukikasirika aibu ni yako. Aliingia na kadi yake ya chama, akaomba kusema.

"Ndugu mwenyekiti, mkimpeleka huyu bungeni mmekwisha! Babu yake aliuza watu kwenye njia hii hii. Na yeye mwenyewe ni kupe, mnyonyaji, ana ng'ombe kawaficha porini. Atawauza ninyi pamoja na nyuki wenu!"

Watu waliangua kicheko. Mama mmoja alijifuta machozi kwa kanga. Mjomba hakuwa na hata mbuzi.

"Kaa chini, mtani!" akajibu. "Babu yako alifika hapa mgongoni mwa babu yangu, analia njaa kama mtoto. Tukampa ugali, akauliza samaki yuko wapi!" Akaendelea hivyo, Kiswahili na Kinyamwezi vikichanganyika, na kila neno likizaa kicheko kingine.

Maneno ya fundi yalikuwa mafupi, niliyapata yote. Ya mjomba yalinikimbia. Kalamu ilipofika zamu yake niliandika, "Mwombaji alijibu." Kicheko sikukiandika. Sikujua kwamba kicheko nacho huandikwa.

Wiki chache baadaye ilikuja Landrova. Bwana mmoja alishuka na faili, akaniita kwenye chumba cha tawi, akaufunga mlango.

"Haya umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Yalisemwa?"

"Yalisemwa. Lakini ulikuwa utani, mzee."

Alipitisha kidole juu ya mistari yangu, taratibu, mmoja baada ya mwingine. "Utani umeandikwa wapi?"

Nilitaka kumwambia habari za yule mama na kanga yake. Sauti ikakauka. Akafunga faili, akanishukuru kwa mwandiko mzuri.

Jina la mjomba halikurudi. Yaliyorudi yalikuwa ya mabwana wawili wa mjini ambao hakuna aliyewahi kuwaona visimani kwetu. Fundi alikwenda ofisini kujieleza mara tatu, na mara tatu aliachwa kwenye benchi mpaka wakafunga. Alikuja kwetu akasimama uani, hakutukana mtu. Alisema tu, "Shemeji, nisamehe," akimwambia mke wa mjomba. Kumsikia mtani akiomba radhi kulinitisha kuliko ile Landrova.

Nami nilimwomba mjomba msamaha. Alikuwa anapaka nta mzinga mpya.

"Uliandika yaliyosemwa, mpwa wangu," alisema. "Lakini kama kweli nina ng'ombe porini, wa huko juu wangeniacha nisimame hapa, watu wanikatae wenyewe. Pori letu wanalijua wao. Huko juu nani analijua?"

Siku ya kura nilipanga foleni kama wengine, nikaweka alama kwenye jembe. Sikujua kwa nini jembe.

Baada ya hapo, kila nilipofungua daftari kikaoni, maneno yalipungua. Mtu alisimama, akautazama mkono wangu, akakaa. Fundi hakuja tena vikaoni, na utani ukafanyika njiani kwa sauti ya chini.

Kisha yule bwana wa Landrova akarudi na ramani ya kijiji kipya. Alieleza tarehe ya kuhama, na kwamba nyumba zitakazobaki zitaezuliwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisubiri na kalamu. Mjomba alikuwa mstari wa nyuma, akitazama mikono yake. Nje nilisikia jembe la mtu likigonga udongo mkavu.

"Andika," bwana akaniambia.

Nikaandika polepole, kwa herufi nzuri: "Wote walikubali."