Sauti Yake Juu ya Ngazi za Baba Yangu

Amekufa. Habari niliipata Jumanne asubuhi kutoka kwa mama anayeuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, mbele ya kibanda changu sokoni Kadutu. Aliweka beseni chini, akajifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akasema: "Papa, adui yako amekufa. Ule mwalimu wa makasete." Nilikuwa nalehemu redio ya mteja. Nikamaliza kulehemu, nikapuliza moshi, ndipo nikauliza amekufa na nini. "Presha. Alianguka akiwa anavaa viatu." Wasomaji wangu mnajua kwamba safu hii haitaji mtu jina, mzima wala marehemu, na kwamba waliotutoka huwa nawaaga kwa maneno laini. Leo mtanivumilia. Huyu simpaki sukari.

Kwa wale wanaonisoma mara ya kwanza: mimi niliishia darasa la tatu. Mengine yote niliyajua kwa kufungua vitu vya watu na kuvirudisha vikiwa vizima. Katika zone nzima ya Kadutu haijapatikana redio iliyonishinda, na zile za Ibanda, kwa wakubwa, huletwa kwangu zimefichwa ndani ya mifuko, ili fundi wao mwenye diploma asijue. Hata gazeti hili lilinifuata lenyewe, baada ya mhariri kunisikia nikibishana na wateja. Herufi ananisahihishia yeye. Maneno ni yangu. Nyumba yangu ya matofali mnaiona kutoka barabarani, na hakuna mjomba aliyenisaidia hata tofali moja. Nayasema haya si kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu nako ninastahili. Nayasema ili muelewe ni mtu wa namna gani marehemu alimdharau.

Yeye alifundisha historia katika shule ya mapadri. Aliwahi kwenda Ulaya, na huko, ndani ya jumba la vitu vya kale, walimpa mashine ya kasete ya kubeba iliyomweleza kila alichokuwa anakitazama. Akarudi na wazo hilo kichwani. Siku moja akaja kwangu na suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi, akainama kuangalia rafu.

"Papa, uko na mashine za kubeba kwa bega?"

"Niko nazo ine." Nikamshushia zote nne.

"Muzuri. Mugeni atabeba moja, mashine itamuonyesha Kadutu mpaka Cimpunda. Akisikia kengele anazima, anatembea, akifika fasi ingine anawasha tena."

Nakiri kwamba wazo lilinipendeza. Wageni walikuwa wanaishia kando ya ziwa, kwenye hoteli, halafu wanakwenda zao wakidhani Bukavu ni maua na maji. Kengele yenyewe nilimtengenezea mimi: glasi ya bia niliyoigonga kwa kijiko. Lakini mtaa hakuujua. Alikuwa mtu wa kupita kwa gari. Basi Jumamosi tatu mfululizo nikamtembeza kwa miguu, nikimwonyesha kanisa liliposimama kwanza likiwa la miti, nyumba ya kwanza ya mabati, mahali soko lilipoanzia, na mwisho ngazi za mawe zinazoshuka hadi kwenye chemchemi ya Cimpunda. Kwenye ngazi ya thelathini magoti yalimshinda. Akakaa, akafungua daftari, akaniambia nimweleze zilizobaki.

Nikamweleza. Baba yangu alitoka Luhwindja kijana, akapata kazi ya kuvunja mawe. Wakati ule mteremko ulikuwa tope tupu, na msimu wa mvua wanawake walikuwa wanateleza na vyombo vyao. Mama yangu alianguka pale akiwa na mimba ya dada yangu, na mtoto hakuzaliwa mzima. Baba hakulia mbele ya watu. Kesho yake alirudi kutoka kazini na jiwe begani, akalipanga kwenye tope. Kila jioni jiwe. Hakuna mzungu aliyemtuma, na salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ilikuwa bado haijaletwa. Alipofika juu mimi nilikuwa nimeshaanza kubeba bidoni ya maji, na ndizo ngazi nilizojifunzia kuhesabu: themanini na nne. Marehemu aliandika yote. Akafunga daftari, akanishika bega, akaniita mwanahistoria.

Miezi miwili baadaye akaniletea kasete yake ili niitolee nakala. Nikavaa visikizi. Sauti yake ilikuwa nzuri, simnyimi hilo. Nzito, ya taratibu, kama ya mtu anayesoma misa. Kanisa alilisema nilivyomwambia mimi, soko vilevile. Kisha glasi yangu ikalia, akasema: "Ngazi hizi, takriban sitini, zilijengwa na kapita shupavu pamoja na watu wake." Na huyo kapita, msimamizi wa vibarua wa wazungu, alikuwa nani? Babu yake mwenyewe, mzaa mama. Nilirudisha kasete nyuma mara tatu nikidhani mashine imekosea. Halafu nikakumbuka kwamba ofisi ya zone ilikuwa inajiandaa kuzipa ngazi jina na kuziwekea kibao, na kamati ingekuja kusikiliza kasete ile. Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikapanda mpaka shuleni kwake.

"Mwalimu, ule kapita ametoka wapi?"

"Papa, historia inaomba karatasi. Babu yangu iko kwa karatasi za bazungu. Baba yako iko kwa karatasi gani?"

"Iko kwa majiwe. Weye mwenyewe uliyakalia."

"Majiwe haisemake, papa." Akamgeukia mwalimu mwenzake, akasema jambo kwa Kifaransa, wakacheka. Neno moja tu nililishika, neno la kumwita mtu asiyejua kusoma. Nalijua vizuri, limenifuata tangu utoto.

Nikarudi kibandani. Nikaweka kasete yake, nikaipeleka mpaka baada ya kapita shupavu, nikabonyeza kitufe chekundu na kuzungumza kwa Kiswahili chetu cha soko: "Mugeni, simama. Hapa mwalimu amedanganya. Hesabu ngazi weye mwenyewe, ni makumi munane na ine." Nikataja jina la baba yangu lote, na la mama yake, na kilima alikotoka. Kisha nikavunja yale meno mawili ya plastiki nyuma ya kasete, yanayoruhusu mashine kunasa sauti. Nikazalisha nakala zote zilizoombwa, na zote nikazing'oa meno.

Siku ya kamati mimi nilisimama chini, kwenye chemchemi, katikati ya wanawake wenye bidoni. Walikuja na mkubwa mmoja wa zone, padri, na mama wawili wa chama wenye vikwembe vya sare. Marehemu alibeba mashine mwenyewe. Sauti yake ikamsifu babu yake, halafu yangu ikatoka. Marehemu akaharakisha kuizima, akabonyeza kitufe kisicho chenyewe, mkanda ukarudi nyuma, nikasema yote mara ya pili. Yule mkubwa akaigeukia ngazi ya kwanza. Alianza kupanda, akihesabu kwa kidole. Tulimsikia kutoka juu, pumzi imemwisha: "Makumi munane na ine."

"Sasa majiwe imesema," mwanamke mmoja akamwambia marehemu, na kicheko kikapanda mteremko mzima.

Lakini kibao hakikuwekwa. Mkubwa alisema jambo lenye ugomvi zone hailiwekei jina, na ngazi zikabaki bila jina hadi leo. Hilo tulilipoteza wote wawili, ila mwizi alikuwa mmoja. Wiki iliyofuata akaja kibandani bila salamu.

"Rudisha kasete vile ilikuwa."

"Haiwezekane tena. Nimeivunja meno. Kasete ikitoka meno haishikake sauti."

Akaamini. Mtu wa diploma mbili akaamini. Kila muuza kasete hapa sokoni anajua kwamba ukibandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya tundu lile, mashine inanasa kama kawaida. Alitakiwa tu kumuuliza mmoja wetu. Miaka kumi hakuuliza. Alikuwa anapita upande wa pili wa barabara, na mimi nilikuwa na ile karatasi ya gundi kwenye droo, hatua tano kutoka kwake. Huo ndio ugonjwa wa wasomi wetu wa Bukavu, wasomaji wangu. Wanakuja na daftari kukuuliza habari zako, lakini kuuliza wasichokijua wao wanaona haya. Wanachukua mdomoni mwako, wanapeleka ofisini, na ikirudi imeshakuwa yao, nawe unaonekana mgeni kwenye mteremko uliokulea.

Alhamisi binti yake akaja, mwanamke mzima, muuguzi, amefunga kitambaa cha msiba. Nikampa kiti, akatoa ile kasete mkobani.

"Tonton, sauti ya papa haiko fasi ingine, iko kwa ile kasete tu. Tunataka batu baisikie kwa kilio. Toa sauti yako, utubakishie ya papa."

Kazi hiyo kwangu ni ya muda wa kunywa chai. Nikaitazama droo.

"Papa yako ndiye alianza kutoa jina ya baba yangu."

"Najua. Alituambiaka." Akakunja kitambaa mapajani, akakikunjua. "Kisha ile siku alirudi Cimpunda peke yake, na magoti yake ile mubaya. Alihesabu mpaka juu. Alisema ni makumi munane na ine, na kwamba hakuna kapita anaweza kupanga jiwe vile, ni kazi ya mutu moja."

Labda alidhani habari hiyo itanipoza. Ilinichoma. Kumbe alijua. Miaka yote hiyo ya kupita upande wa pili wa barabara alijua, akaweza kuwaambia watoto wake mezani, na zone hakuiambia, wala gazeti, wala mimi. Nikachukua kasete, nikaifuta vumbi, nikaweka mapile mapya, yaani betri, kwenye mashine yangu iliyo bora kuliko zote, nikampa.

"Iko vile iko," nikamwambia. "Ukitaka, usipige."

Akapiga. Jumamosi mchana, uani kwa marehemu, mbele ya mapadri na walimu wenzake, sauti yake nzuri iliwatembeza watu mtaani mwetu, na wengi walilia. Ilipofika kwenye ngazi niliona mkono wa binti ukielekea kwenye kitufe. Ukasimama hapo. Hakukibonyeza. Jina la baba yangu likasikika lote, na la mama yake, na kilima alikotoka, ndani ya ua wa mtu aliyelifuta. Yule mwalimu aliyecheka naye siku ile alikuwa ameinamia viatu vyake. Nilimtazama mpaka mwisho wa mkanda.

Anayetaka kusimulia mtaa wa watu apande kwanza ngazi zake mpaka juu, na akishafika amtaje aliyezipanga, wakati yeye mwenyewe bado yu hai. Jina la baba yangu mtalisikia Cimpunda, kwenye kasete. La marehemu ninalijua, pamoja na vyeo vyake vyote, na karatasi ilikuwa na nafasi. Nimeeleza alivyokuwa, tangu mstari wa kwanza, bila kumpunguzia kitu wala kumwongezea, na jina lake nimeliacha nje, kama alivyoliacha la baba yangu.