Nilimpelekea baba yangu kiziwi paka muongeaji: breed tatu, nyumba moja, Runzewe

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyahanga, Kahama.

Hii si chai. Nimeishuhudia kwa macho yangu haya, na mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Mzee wangu anaishi Runzewe, peke yake tangu mama atangulie. Miaka mingi alifanya kazi karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kelele zake usipime! Masikio yakaanza kudhoofika taratibu, na mwaka ule tulipomzika mama yakazima kabisa.

Ukikaa mbele yake anakusoma mdomo, mnaongea vizuri tu, hata usijue kama hasikii. Ukiwa nyuma yake, umekwisha.

Kilichoniumiza ni upweke. Kila nikienda namkuta kakonda zaidi. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hii nyumba ni kaburi lenye bati. Watu wamenisusa. Hata Masanja."

Mzee Masanja ni rafiki yake wa toka ujana, wamesaga mawe pamoja. Nilichukia, nikamwona mnafiki mkubwa. Nikamwomba baba ahamie kwangu, akakataa katakata. Mama kalala pale uani, amwache na nani?

Basi mimi mjuaji nikaamua: nampelekea paka wa kumliwaza.

Nikaingia mtandaoni, nikasoma breed zote. Wa kwanza nikamtoa Mwanza, Persian. Manyoya kama mto wa kochi, uso kama kapigwa kofi. Wanasema ni mpole na hana makuu. Kweli! Huyo kiumbe hakuwa na makuu wala madogo. Alilala. Yeye na mzee walikaa kimya sebuleni kama waliofiwa, na vumbi la Runzewe likamgeuza manyoya kuwa mabonge. Nikamrudisha Kahama, sasa mke wangu anamchana nywele kuliko anavyojichana mwenyewe.

Nikasema kosa langu ni kuchagua paka mkimya. Nyumba inataka uchangamfu!

Nikatafuta Siamese. Huyo, wakuu, ndiye anayesifiwa kwa maongezi. Anakufuata chumba hadi chumba anakusimulia.

Najua mmeshaliona. Mimi sikuliona. Mtu mzima, biashara ya mchele naiendesha mwenyewe, nimepakia paka muongeaji kwenye gari nikampelekea KIZIWI.

Paka alilia kutwa nzima. Mzee anachambua maharage, anatabasamu, hana habari. Paka anapandisha sauti, kimya. Baada ya wiki alikuwa hali chakula, anatazama ukuta. Nilimwonea huruma, nikampeleka kwa dada yangu Ibadakuli. Dada naye ni redio, wanajibizana mpaka leo.

Nikakata tamaa.

Kisha siku moja nikapita pale karasha kuwasalimia waliofanya kazi na mzee. Mashine zinanguruma, mnaongea kwa mikono. Chini ya meza kulikuwa na paka wa kijivu, wa kienyeji kabisa, ncha ya mkia imekatika. Akatoka, akamwendea fundi aliyekuwa anakula, akamgusa mguu kwa kiganja. Mara mbili. Kisha akakaa akamtazama. Hakutoa sauti hata moja.

Nikamuuliza fundi, huyu paka ni bubu? Akanipigia kelele sikioni, "Kazaliwa hapa hapa! Alie, nani atamsikia?"

Wakuu, nilisimama pale kama nimepigwa shoti.

Nikamwomba, nikampata. Nikamtia kwenye kiroba, na kabla ya kumwingiza ndani nikamzungusha mara tatu asikumbuke njia ya kurudi, kama tulivyofundishwa na wakubwa. Kufunguliwa tu, akaenda moja kwa moja akamgusa mzee mguu. Mzee akacheka! Tangu msiba sikuwa nimesikia kicheko chake.

Lakini hilo silo lililonileta hapa.

Wiki chache baadaye niko pale, mzee kaupa mlango mgongo na ungo wake wa maharage. Nje nikasikia, "Hodi." Kabla sijajibu, paka akainuka, akamgusa mzee mguu mara mbili, akatembea mpaka mlangoni, akakaa.

Mzee akaweka ungo chini. "Karibu! Karibu ndani!"

Hakuna aliyemfundisha yule paka. Hakuna!

Aliyeingia ni mzee Masanja. Alikuwa anapita njiani, akaona gari langu, akasema ajaribu tena. Baba akamtazama. "Masanja, ulinisusa."

Masanja akasema, "Mimi? Nilikuja. Nilikuja sana. Napiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Moshi naona unatoka jikoni. Nikajua hunitaki, nikageuka."

Baba hakumsoma vizuri. Akamwomba arudie. Masanja akarudia taratibu, machozi yanamtoka, na wale wazee wakashikana mikono kama watoto.

Wakuu, mimi sikuwahi kujua, kwa sababu mimi ni mtoto wa nyumba ile. Naingia tu. Miaka yote hiyo sikuwahi kupiga hodi kwa baba yangu, na majirani wote walipiga tatu zao za adabu wakarudi makwao wamenuna.

Nilichojifunza: usichague paka kwa picha wala kwa jina la breed. Uliza kakulia wapi, kazoea watu gani, kisha mtazame anayekwenda kuishi naye.

Wafugaji, semeni wa kwenu ana tabia gani. Na mnaotaka kunicheka kwa ile Siamese, chekeni tu, nimestahili.

Siku hizi na mimi nikifika nasimama nje. Napiga hodi moja, ya chini kabisa. Ya pili huwa siifikii.

"Karibu!"