Kura Tatu kwa Kila Mtu

Mume wangu aliendesha basi London kwa miaka mingi, na alipostaafu hakujua namna ya kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akawasha birika la umeme na kulisahau, akavaa viatu kwenda kununua maziwa na maziwa yapo. Nyumba yetu ya Harrow imeungana ukuta na ya jirani, kama zilivyo karibu zote mtaani kwetu. Siku moja jirani huyo aliniuliza kwa upole kama tumepata mgeni anayefanya mazoezi. Ndipo mtu mmoja kanisani akamwambia mume wangu, nadhani kwa utani, kwamba agombee udiwani.

Wengi wetu tumeishi hapa miaka bila kujua kwamba jambo hilo linawezekana, kwa hiyo nitaeleza. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola. Mwenye pasipoti yetu na kibali cha kudumu cha kuishi huku anaweza kupiga kura, na anaweza kugombea pia. Sisi wenyewe tulifichuliana siri hiyo kama watu waliookota kitu njiani. Mume wangu aliingia kama mgombea binafsi, na alitaka jambo moja: choo cha umma karibu na maduka, pale mabasi yanapogeuzia. Madereva wanakihitaji, wazee wanakihitaji, na akina mama wenye watoto wadogo ndio usiseme. Akatengeneza vipeperushi, akatoka, na tangu hapo sikumwona ametulia tena.

Mara ya kwanza alikuwa wa mwisho. Ukatokea uchaguzi mdogo upande wa Queensbury, akagombea, akawa wa mwisho tena. Mara ya tatu alimpita mtu mmoja, na alifurahi wiki nzima mpaka tulipoambiwa kwamba mtu huyo alikuwa amehama na kusahau kujitoa. Kwenye harusi vijana walimpigia saluti na kumwita Mheshimiwa. Binti yetu, ambaye anasikia kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alimwomba baba yake asiweke picha yake kwenye nguzo iliyo mbele ya shule ya watoto wake. Mume wangu akaiweka nguzo ya pili.

Mimi nilikuwa na hamu yangu. Tulishajenga nyumba Morogoro, na mdogo wangu alikuwa akiifungua madirisha kila Jumamosi ili isinuke unyevunyevu. Nilitaka kwenda kukaa humo nikiwa bado napanda ngazi bila kushika ukuta. Kila nilipotaja jambo hilo mume wangu alikubali kabisa, baada ya uchaguzi huu. Uchaguzi huku hauishi. Ukiisha wa madiwani unakuja wa bunge, diwani fulani anajiuzulu, mwingine anafariki, na kila mara mume wangu anatafuta viatu.

Kabla ya uchaguzi huu wa karibuni tulikaa mezani na binti yetu akiwa shahidi. Tukakubaliana kwamba baba akishinda, tunabaki akatumikie watu miaka yake minne. Akishindwa, tunarudi Morogoro kabla ya Krismasi. Basi nikajitolea kuwa wakala wake. Nilisema kama lazima liishe, liishe vizuri. Nilikuwa na hofu moja tu, nayo sikumwambia mtu: kwamba angeshindwa kidogo. Mtu aliyeshindwa vibaya hurudi nyumbani. Aliyeshindwa kidogo hulala akipiga hesabu.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa uuguzi, kliniki ya kisukari. Miaka yote hiyo nilieleza watu wale wale mambo yale yale, na sikuwahi kuchoka, kwa sababu kila mtu ana siku yake ya kuelewa. Nikaona na kura nitazieleza hivyo hivyo. Kata yetu ina viti vitatu, kwa hiyo kila mpiga kura anaruhusiwa kuweka alama mbele ya majina matatu. Wanaopata kura nyingi zaidi ndio wanaoingia. Mwenye chama huwapa watu watatu wa chama chake, yamekwisha. Lakini anayempenda mgombea binafsi akimpa kura moja, halafu zile mbili akazigawa kwa wa vyama vikubwa, amewasaidia hao hao wanaoshindana na mtu wake kwa kiti cha tatu. Kwa hiyo tuliwaomba watu waweke alama moja tu, kwa mume wangu, na nyingine waziache.

Hapo ndipo nilipokutana na malezi yetu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Tanga anayeishi juu ya duka la dobi, mjane, mtu wa kanga mbili na soksi nene. Alitukaribisha, akatupa chai na vitumbua, akauliza habari za kila mtu mpaka wa Morogoro. Nilipofika kwenye kura, akanitazama kama nimemwambia amwage chakula.

"Nimepewa tatu, mwanangu, nitupe mbili? Wenyewe wataniona sina shukrani."

Nikapanga vikombe mezani. Hiki ni mume wangu, hivi ni vya vyama. Nikamimina maji kidogo hapa, kidogo pale, aone kikombe cha mpinzani kinavyojaa kwa maji yake mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa, akacheka, akasema sasa ameelewa, kura yake ni ya huyu mzee wa choo. Mume wangu alikuwa ameshasimama mlangoni na koti lake.

Nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Hakuna aliyetukatalia, maana kwetu nani anamkatalia mgeni aliyekwisha kunywa chai? Mhindi mwenye duka la viungo, mzaliwa wa Mwanza, alituruhusu kubandika picha dirishani, na tulipopita kesho yake tukakuta picha za wagombea wote, zimepangwa kama makopo ya maziwa. Mume wangu akamwuliza yeye hasa yuko upande gani.

"Mzee, mimi niko upande wa mlango," alisema. "Anayeingia ni mteja. Wewe hujachoka tu? Mimi nimeanza kuchoka kwa niaba yako."

Siku ya kupiga kura mume wangu alitembea tangu vituo vilipofunguliwa. Kesho yake asubuhi tukaenda kuona kura zikihesabiwa, kwenye ukumbi wa michezo wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni. Wahesabuji walikaa kwenye meza ndefu, na sisi mawakala tukasimama upande wa pili, ruhusa kutazama, marufuku kugusa. Nilisogea huku, nikasogea kule. Vifungu vya karatasi vilipanda, vya mume wangu pia vikapanda, na karibu na adhuhuri kijana mmoja wa chama kikubwa, ambaye hajawahi kunisalimia, alinisalimia. Nikajua viti viwili vimeshapata wenyewe, na cha tatu kinabishaniwa kati ya mtu wao na mtu wangu. Mume wangu alikuwa anazunguka ukumbi kwa kufuata mstari wa kiwanja.

Halafu msimamizi akatuita tuzione kura zenye mashaka. Ni utaratibu mzuri, na yeyote anayefikiria kugombea asiuogope. Zile karatasi ambazo hazieleweki huonyeshwa wagombea na mawakala moja moja, na msimamizi hutoa uamuzi mbele yenu. Moja ilikuwa imechorwa uso unaocheka mbele ya jina, ikakubaliwa, kwa sababu nia inaonekana. Moja haikuwa na kitu, ikakataliwa.

Zikaja nyingine. Ya kwanza ilikuwa na alama nne. Ya pili ilikuwa na tano. Hazikuwa za mtu aliyekasirika, wala za mzaha. Zilikuwa zimewekwa taratibu, katikati ya kila kisanduku, kwa mkono wa mtu anayetaka kila mmoja apate chake. Tatu za chama kimoja, moja ya kingine, moja ya mume wangu. Inayofuata hivyo hivyo, na inayofuata. Kila moja msimamizi alisema amezidisha, imeharibika, na kuiweka pembeni. Kikapatikana kifungu kidogo.

Nilijikuta nasema na msimamizi. Nilimwambia watu hawa hawakuchanganyikiwa. Walitembelewa na watu watano, wakawaahidi wote watano, na wametimiza.

Msimamizi alikuwa mwanamke mpole, hakunicheka. Alisema sheria inamtaka atafute mpiga kura alitaka nini, na huyu alitaka zaidi ya alichonacho. Wale wa vyama wakaitikia kwa vichwa. Nao walikuwa wamepoteza pia, ila wao walikuwa na za kupoteza.

Mume wangu alikosa kiti cha tatu kwa kura chache kuliko zile za kwenye kifungu.

Alipeana mikono na kila mtu. Alimpongeza yule aliyemshinda na kumwomba asikisahau choo, na yule akaahidi. Nje alivuta pumzi, akaniambia, "Basi, mama. Mpigie mdogo wako. Tukate tiketi." Hakuwa na hasira wala majonzi. Kwenye basi alikaa kiti cha dirishani, mikono magotini, kama abiria.

Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Hofu yangu ilikuwa imetimia, naye hakuonekana kupiga hesabu hata moja. Nilifungua simu, nikafunga. Nikafungua tena nimwandikie mdogo wangu, na simu ikaita mkononi. Alikuwa bibi wa Tanga.

"Mwanangu, tumeshinda wangapi?"

Nikamwuliza kwa nini anasema wangapi.

"Mimi nimewawekea wote mliokuja. Yule kijana mwingine alikuja na mvua, amelowa, ningemnyimaje? Lakini mzee wa choo nimemweka wa kwanza."

Nilimweleza polepole, kama nilivyokuwa nikieleza sindano kliniki. Alama zikizidi tatu karatasi nzima inatupwa. Hakupata wa kwanza wala wa mwisho.

"Uliniambia ninazo tatu," alisema. "Hukuniambia ya nne inaua zote. Ningejua, ningemwambia yule kijana ukweli, hata kama ananyeshewa."

Nikamwambia pole, bibi. Akasema pole na wewe, akakata.

Nilimsimulia mume wangu. Alicheka kwanza, halafu akafikiri, akasema ndivyo watu wetu walivyo na yeye amemaliza. Makubaliano yalikuwa mezani na mtoto wetu shahidi. Nikamwuliza sasa hao nani atawaeleza.

"Wewe unataka nini hasa, mama?"

Nilitaka Morogoro. Niliitaka wakati ule kuliko siku zote, veranda na upepo wa mlimani na kutembea nikisalimia watu kwa lugha moja. Na nilikuwa nimekwisha kusimama katikati ya basi, nimeshika nguzo, naziona zile alama tano kila moja katikati ya kisanduku chake.

"Tiketi zingoje mpaka nimalize," nilisema.

"Umalize nini?"

"Zile nyumba tulizokunywa chai."

Amepita na basi mbele ya nyumba zile nusu ya maisha yake, anajua ni ngapi. Alitazama nje kwa kituo kizima. Mimi nikabonyeza kengele, na tukateremka karibu na duka la dobi.